Umejuaje? Insha Juu ya Kuitetea Tasnifu

Msomaji kijana, ukijaliwa, na bidii yako isipolegea, siku moja utaingia chuo kikuu. Huko utasoma miaka mitatu au minne, na katika mwaka wa mwisho, ukiwa unatafuta shahada ya kwanza ya heshima, huenda ukatakiwa kuandika tasnifu. Tasnifu ni kazi ndefu juu ya jambo moja ulilolichunguza wewe mwenyewe. Si muhtasari wa mambo waliyoyasema wengine. Lakini kuiandika si mwisho wa safari. Katika vyuo vingi mwanafunzi huitwa mbele ya watahini, akaketishwa, akaulizwa maswali juu ya yale aliyoyaandika. Huko ndiko kuitetea tasnifu.

Wengi huiogopa siku hiyo. Hudhani ya kuwa kutetea ni kugombana, na kwamba mshindi ni mwenye maneno mengi. Hivyo hukariri kurasa nzima usiku kucha, na asubuhi wakaenda wamechoka kama watu waliolima shamba la mawe. Insha hii yataka kukuonyesha kwamba mambo sivyo yalivyo. Maswali ya watahini ni mengi, lakini ukiyakamua yote hubaki swali moja dogo: Umejuaje? Mwenye kutaka kulijibu vema huanza kujiandaa siku ya kwanza ya kazi yake, wala si usiku wa kuamkia mtihani.

Desturi hii ni ya zamani sana. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kama vile Bologna na Paris, wanafunzi wa miaka ya 1200 walisimama mbele ya walimu na wenzao wakashindana kwa hoja. Vitabu vilikuwa vichache, tena vilinakiliwa kwa mkono. Kwa hiyo elimu ya mtu ilipimwa kwa ulimi wake. Hata hivyo, usidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Katika nchi ya Abagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, wazee waliketi katika baraza liitwalo etureti, wakaamua mashauri ya mipaka, ya mahari na ya ng'ombe. Mwenye madai hakuaminiwa kwa sababu ya kupaza sauti. Ilimpasa aonyeshe nani alikuwapo, nani aliona, na nani alisikia kwa wengine tu. Basi mwanafunzi aendaye mbele ya watahini haendi ugenini. Aenda barazani.

Natuchukue mfano, maana neno lisilo na mfano halikai moyoni. Tuseme wewe ni mwanafunzi wa historia, mzaliwa wa Manga, chini ya lile genge kubwa la mawe linaloitazama nchi ya Kitutu. Umechagua kuandika juu ya Otenyo. Kila mtoto wa huko amelisikia jina lake, na huenda umewahi kuona michezo ya kuigiza juu yake shuleni. Wajiona umebahatika: habari waijua tangu utotoni. Kumbe hapo ndipo penye mtego, kwa sababu jambo ulijualo tangu utotoni ndilo usilopata kulihoji.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walikuwa wakijaribu kuwatia Abagusii chini ya utawala wao. Mwaka 1905 walipeleka jeshi Kitutu, na watu wenye mikuki na ngao wakakabiliana na askari wenye bunduki. Wengi wakafa. Mwaka 1907 Waingereza wakaanzisha boma mahali paitwapo Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii, na afisa wao hapo alikuwa G. A. S. Northcote. Mwezi wa Januari 1908 Otenyo alimchoma Northcote mkuki, akamjeruhi. Masimulizi yasema ya kuwa aliyemtia moyo ni Moraa, mwanamke mganga na mtabiri, aliyewasihi vijana wa Kitutu wasikubali kutawaliwa na wageni. Serikali ikalipiza kisasi. Askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, waliingia pamoja na polisi. Wakachoma nyumba, wakateka ng'ombe na mbuzi kwa maelfu, na watu wengi wakauawa.

Umeyaandika hayo yote kwa lugha nzuri. Sasa umeketi mbele ya jopo. Mtahini wa kwanza afungua ukurasa, avua miwani yake, auliza: "Hapa umeandika kwamba Northcote alijeruhiwa tu. Lakini katika masimulizi uliyoyakusanya, yuko mzee asemaye ya kuwa Mzungu yule alikufa. Kwa nini umemwacha mzee wako?"

Asiyejiandaa atababaika. Lakini wewe utajibu hivi: "Bwana Mtahini, Northcote alipona. Aliendelea kuitumikia serikali ya Kiingereza, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Mtu hawezi kufa Kitutu mwaka 1908 akatawala Hong Kong mwaka 1937. Lakini mzee sikumwacha. Neno lake si ushahidi wa kifo cha Northcote. Ni ushahidi wa jinsi watu walivyoikumbuka siku ile, na jinsi tendo la Otenyo lilivyokua katika mioyo ya waliosimulia baada yake. Nimeliweka katika sura ya kumbukumbu, si katika sura ya matukio."

Ona, msomaji, ulivyofanya. Hukumdharau mzee, wala hukumwamini bila kumpima. Kila neno umeliweka mahali pake. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria.

Mtahini wa pili aja kwa njia nyingine. "Umeandika kwamba serikali iliua kupita kiasi. Wewe ni mjukuu wa waliopigwa. Tutajuaje kwamba si uchungu wa nyumbani unaosema?" Swali hili laweza kumkasirisha kijana. Usikasirike, kwa maana ni swali la haki, nalo lina jibu. Mwaka ule wa 1908 Winston Churchill alikuwa naibu waziri wa makoloni mjini London. Aliposoma taarifa za vita vya Kisii aliandika kwamba jambo lile lilionekana kama machinjo, akauliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na ulinzi. Shahidi huyu atoka upande wa pili, katika serikali ile ile iliyowatuma askari. Shahidi anayesema neno la kuwaumiza watu wake mwenyewe ana uzito.

Lakini usitulie upesi. Mtahini mwerevu ataendelea: "Je, Churchill aliandika kwa huruma, au kwa kuliogopa Bunge?" Nawe utakuwa umelifikiria swali hilo zamani, kwa kuwa katika maandishi yale yale alionyesha hofu juu ya mambo yatakayotokea habari hizo zikifika Bungeni. Utasema kwamba mtu aweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja, na kwamba vyovyote nia yake ilivyokuwa, aliyaita mauaji kwa jina lake. Karatasi, kama mtu, ina nyumba ilikotoka na ina jambo inalolitaka. Mzee hupimwa, na faili nalo hupimwa.

Sasa laja swali zito kuliko yote. Katika nchi ya Gusii husimuliwa sana kwamba Otenyo alikamatwa, akauawa, kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza. Nawe umesikia habari hiyo kwa babu yako na kwa mwalimu wako. Mtahini atakutazama machoni, aulize polepole: "Umejuaje?"

Hapa wanafunzi wengi huanguka, wengine upande wa kulia na wengine upande wa kushoto. Mmoja atasema, "Kila mtu ajua hivyo." Hilo si jibu, watu elfu waweza kuwa wamesikia kwa mtu mmoja. Mwingine, kwa kutaka kuonekana msomi, atasema, "Hakuna karatasi, basi ni uongo." Hilo nalo si jibu, maana mambo mengi ya kweli hayakuandikwa, hasa mambo ambayo watendaji wake hawakupenda yaandikwe.

Kumbuka habari ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1898, akikaribia kukamatwa na Wajerumani, alijiua. Kichwa chake kilikatwa, na Wahehe wakaendelea kukidai. Mwaka 1919 fuvu lake likatajwa katika Mkataba wa Versailles, na mwaka 1954 gavana Edward Twining akawarudishia Wahehe fuvu huko Kalenga. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba mambo kama hayo hayakutendwa. Yalitendwa. Lakini angalia sana: habari ya Mkwawa yaonyesha kwamba jambo laweza kutokea, haionyeshi kwamba lilimtokea Otenyo. Anayechukua ushahidi wa Kalenga akaupeleka Kitutu ni kama anayemleta barazani shahidi wa kesi nyingine.

Jibu lako basi liwe hivi: "Nimesimuliwa na wazee kadhaa, na majina ya vijiji vyao nimeyaandika. Niliwauliza kila mmoja alisikia kwa nani, na nikaona wangapi walisikia kwa wazazi wao na wangapi kwa jirani au katika michezo ya shule. Nilitafuta katika karatasi nilizoweza kuzifikia. Kwa sababu hiyo sikuandika 'kichwa kilipelekwa'. Nimeandika 'husimuliwa kwamba kichwa kilipelekwa'. Kisha nimeuliza swali jingine: kwa nini watu husema kwamba kichwa cha shujaa wao hakiko nyumbani? Huenda ndiyo njia yao ya kusema kwamba shauri lile la 1908 halijakwisha."

Neno moja tu, "husimuliwa", laweza kuiokoa tasnifu nzima. Si neno la woga. Ni neno la mtu ajuaye mpaka wa shamba lake.

Wapaswa kujua pia, msomaji, kwamba haki yako ya kuketi mbele ya jopo ukiwa na maneno ya wazee mkononi haikupatikana bure. Ilitetewa na waliokutangulia. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, alisema hadharani kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa ila ile ya Wazungu waliokuwa Afrika, na kwamba mengine yote yalikuwa giza. Kisa chake kilikuwa kimoja: mahali pasipo maandishi, yeye hakuona kitu.

Wakati huo huo walikuwako wasomi waliolishughulikia jambo hilo kwa kazi, si kwa kelele. Mbelgiji Jan Vansina alitoa mwaka 1961 kitabu cha kueleza namna ya kuyapima masimulizi ya mdomo. Bethwell Ogot, mzaliwa wa Nyanza aliyefariki mwaka 2025, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London juu ya Waluo wa Kusini, akitumia masimulizi ya wazee. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Mwaka huo huo Gideon Were alitoa historia ya Abaluyia. Na William Ochieng', Mluo wa Yimbo, alikwenda kwa jirani zake Abagusii, akawasikiliza, akalinganisha masimulizi ya koo mbalimbali, akaandika tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1974 ilitoka kuwa kitabu juu ya historia ya Abagusii kabla ya ukoloni. Huyu alikuwa mgeni wa lugha na wa nchi, na bado alisikiliza. Wewe uliyezaliwa huko una udhuru gani?

Wala usidhani kwamba kazi hii ni ya madaktari na maprofesa peke yao. Mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisimamiwa na walimu wao, walikwenda kusini mwa Tanzania kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Baadhi ya wazee wale walikuwa wameviona vita kwa macho yao. Masimulizi yaliyokusanywa na vijana hao yalitumiwa na wanahistoria waliowafuata. Kama wangaliahirisha kazi ile kwa miaka 30, wangaliyakuta makaburi.

Kila mmoja wa watu hawa aliulizwa swali lile lile. Kwa kuwa walilijibu kwa uangalifu, leo hakuna jopo la watahini linaloweza kukuambia kwamba bibi yako si shahidi. Laweza kukuuliza tu kama umempima.

Basi, mtu hujiandaaje? Nitakupa mashauri machache, nayo yote hutoka katika swali lile.

Kwanza, andika chanzo cha kila neno siku ile ile ulipolipata. Andika jina la mzee, kijiji chake, ukoo wake, umri wake, na aliyemsimulia. Leo hayuko tena aliyeiona siku ya Otenyo. Mzee wa miaka 90 alizaliwa zaidi ya miaka 25 baada yake. Yeye alisikia kwa baba au kwa nyanya. Kati yako na mwaka 1908 pana mnyororo wa watu, nawe wapaswa kuzijua pete zake. Tena usiwaulize wanaume tu. Katika habari hii Moraa ni mwanamke, na huenda bikizee wa Nyamira anakumbuka juu yake mambo ambayo hakuna mwanamume aliyeulizwa.

Pili, jifunze kuhesabu miaka kwa njia ya wazee. Mzee hatakuambia "Septemba 1914". Atakuambia, "Wakati Wajerumani na Waingereza walipopigana hapa Kisii." Ni kazi yako kujua kwamba mapigano hayo yalikuwa tarehe 12 Septemba 1914, na kupanga mengine kabla na baada yake.

Tatu, zijue karatasi zako. Katika Nyaraka za Kitaifa za Kenya, mjini Nairobi, mwanafunzi atafutaye jina "Nyamira" katika faili za zamani aweza kurudi mikono mitupu. Kaunti hii ni ya juzi. Zamani nchi ya Gusii ilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kusini, pamoja na jirani zao Waluo. Asiyelijua jina la kale hafungui mlango wa kale.

Nne, isome tasnifu yako kama adui yako angeisoma. Keti na rafiki mkweli, mpe kazi yako, mwambie akuulize "umejuaje?" kila aya. Utakapokosa jibu, rudi ukatafute, au ulipunguze neno lako mpaka lilingane na ushahidi. Ni heri uaibike mbele ya rafiki kuliko mbele ya jopo.

Tano, jifunze kusema "sijui" kwa heshima. Si "sijui" ya mvivu, anayetazama chini. Ni "sijui" ya mtu aliyetafuta: "Sijui, Bibi Mtahini. Nilitafuta mahali fulani na fulani sikupata. Anayetaka kuendelea na kazi hii aanzie hapo." Mtahini mwema hulifurahia jibu hilo, maana humwonyesha kwamba mbele yake ameketi mwanachuoni, si kasuku.

Na mwisho, usiwapende mashujaa wako hata ukawadanganyia watu kwa ajili yao. Otenyo hahitaji uongo wako. Alisimama na mkuki mbele ya dola kubwa, hilo latosha. Ukimwongezea jambo lisilothibitika, siku litakapokanushwa watu watatilia shaka hata lile la kweli.

Tangu mwaka 2013 mji wa Kisii, palipokuwa boma la Northcote, una chuo kikuu kamili. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba utakapoitetea tasnifu yako utakuwa umeketi mwendo mfupi tu kutoka mahali pale ambapo mambo hayo yalitokea. Watahini watakuwa wajukuu wa watu wale wale, nao watayajua masimulizi kama wewe. Hawatakuuliza kwa kuwa wanakudharau. Watakuuliza kwa kuwa habari hizi ni zao pia, na hawataki zikabidhiwe kwa mtu asiyejua kuzishika.

Huna haja ya kungoja mpaka siku hiyo. Likizo hii, utakapokwenda nyumbani, keti karibu na mzee wa mji wenu. Mwamkie kama ipasavyo, mpe nafasi aseme, wala usimkatize. Akimaliza, muulize kwa adabu: "Babu, nawe ulisikia kwa nani?" Kisha chukua kalamu, uandike jina atakalokutajia.